Risasi iliyogonga bunduki ya ndugu yako

Swali: "Mzee, pokea salamu zetu kutoka Kakamega. Mdogo wangu ni mwanajeshi, na mwezi uliopita alirudi nyumbani kwa likizo baada ya kuhudumu Somalia. Alitueleza kwamba katika mapigano risasi ya adui iligonga bunduki yake pale mbele anapoishikia, ikapasua plastiki, na kipande kidogo cha chuma kikamwingia kwenye kiganja cha kushoto. Mjomba wetu, ambaye amefanya kazi ya ulinzi kwa miaka mingi lakini hajawahi kuwa jeshini, alimwambia mbele ya watu kwamba mambo hayo hutokea kwenye sinema tu, na kwamba huenda aliiangusha bunduki kisha akaogopa kulipishwa. Tangu siku hiyo kijana amenyamaza, na usiku hapati usingizi. Je, ni mara ngapi bunduki za wanajeshi hupigwa na risasi za adui? Nimwamini? Na bunduki ikipigwa hivyo, risasi zilizomo ndani haziwezi kulipuka zikamuua mwenyewe?"

Jibu: Dada yangu, nianze na lile unaloliuliza kwa moyo mzito zaidi. Mwamini ndugu yako. Nilifanya kazi ya ufundi wa silaha jeshini hadi nilipostaafu na kuja kuishi hapa Nakuru, na yote uliyoyaandika, yaani mahali risasi ilipogonga, jinsi plastiki ilivyopasuka na mkono ulioumia, yanalingana na namna jambo hili linavyotokea. Mtu anayetunga uongo kuhusu risasi kwa kawaida hutunga jambo kubwa zaidi. Wachache hufikiria kusema kwamba waliumia kiganja cha mkono unaoshika bunduki kwa mbele, na hapo hasa ndipo vipande hupita.

Mjomba wako amechanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba mwanajeshi mmoja mmoja anaweza kuhudumu miaka mingi, hata akapitia mapigano, bila bunduki yake kuguswa na risasi. Lakini jambo lisilompata mtu mmoja kwa urahisi hulipata jeshi zima tena na tena, kwa sababu watu ni wengi na risasi ni nyingi zaidi. Ugumu wa kulitolea idadi unatokana na namna kumbukumbu za vita zinavyowekwa. Tangu vita vikuu vya dunia, madaktari wa majeshi wamehesabu majeraha kwa makini sana, wakaandika kiungo kilichoumia na kitu kilichokiumiza. Bunduki hairekodiwi kwa njia hiyo. Ikiharibika hutengenezwa au hufutwa kwenye daftari la ghala, na majeshi hayana desturi ya kutangaza ni ngapi zilizogongwa na risasi na ngapi zilizokanyagwa na gari. Kwa hiyo jibu la swali lako tunalipata kwa kupima ukubwa wa vitu na kusoma hesabu za majeraha, na njia hiyo hutufikisha mahali pazuri.

Risasi nyingi za vitani hazimlengi mtu anayeonekana vizuri. Hupigwa kuelekea kichaka, ukuta, dirisha au moshi, ili aliyejificha asiinue kichwa. Katika hali hiyo risasi haichagui, sawa na mvua ya mawe inapoyapiga majani ya chai kule Nandi: kinachopigwa zaidi ni kile kilichochukua nafasi kubwa zaidi. Katika Vita vya Pili vya Dunia wataalamu wa Uingereza walipima sehemu za mwili wa mwanajeshi kama zinavyoonekana kwa adui, wakakadiria kwamba kichwa na shingo ni asilimia 12 ya eneo lote, kifua 16, tumbo 11, mikono 22 na miguu 39. Kama risasi na vipande vya mabomu vingeangukia miili ovyo, majeraha yangefuata mgawanyo huo.

Sasa tazama yaliyotokea. Katika hesabu za majeraha ya Wamarekani huko Iraq na Afghanistan kati ya 2001 na 2005, kichwa na shingo vilibeba takriban asilimia 30 ya majeraha, zaidi ya mara mbili ya sehemu yake ya eneo, huku kifua kikishuka hadi asilimia 6 hivi. Kifua kilishuka hasa kwa sababu ya fulana za kuzuia risasi. Kichwa kilipanda kwa sababu mwanajeshi anayepigana hasimami wima uwanjani. Amelala, amechuchumaa nyuma ya ukuta, au yumo katika gari ambalo sehemu yake ya juu iko wazi, na kinachobaki nje ni kofia ya chuma, uso, mabega na mikono.

Na bunduki. Hapa ndipo penye uzito wa jibu langu, dada. Bunduki haiwezi kujificha wakati mwenyewe anapiga, maana ikijificha haimfai. Kila anapochungulia kupiga risasi, bunduki hutangulia, ikakaa sambamba na uso wake, katika sehemu ile ile ndogo ambayo adui anaiona na anaipiga.

Tuikadirie. Bunduki aina ya G3, ambayo wasomaji wengi wameiona mabegani mwa polisi wetu, ina urefu wa mita moja na sentimita chache, na AK-47 ina sentimita 88 hivi. Ikishikwa kwa kukingama kifuani, mtutu, mwili, kitako na magazini huchukua takriban sentimita za mraba 500 hadi 700, ilhali mtu mzima aliyesimama akitazamana na adui huonyesha kama 4,000 hadi 5,000. Mtu akilala na kulenga, bunduki huonekana kwa ncha tu: mdomo wa mtutu, kishikio cha mbele, magazini inayoning'inia na darubini ya kulengea ikiwa ipo, yote pamoja kama sentimita za mraba 100. Lakini na yeye amepungua, amebaki karibu 1,000. Katika hali zote mbili bunduki inachukua kitu kama sehemu moja kwa kumi ya kile kinachoweza kupigwa.

Maana yake ni kwamba, kwa makadirio haya ya vipimo, katika kila risasi kumi zinazomfikia mwanajeshi na vitu alivyoshika, moja hivi hutua kwenye bunduki. Chukua kikosi cha watu 100, na tuseme katika mapigano makali watu watano wanafikiwa na risasi. Ukirudia mapigano kama hayo mara mbili, si ajabu kukuta bunduki moja yenye alama. Kwa mtu mmoja jambo hilo liko mbali sana, lakini fundi anayezipokea bunduki za kikosi kizima hawezi kulishangaa. Tena makadirio haya hayamhusu kila mtu kwa usawa. Anayebeba bunduki ya rashasha hupigwa kwa makusudi, maana sauti yake humtambulisha na kila adui anataka kumnyamazisha kwanza, na silaha yake ni kubwa na imesimikwa mbele ya uso wake.

Kuna tukio moja lililoandikwa rasmi ambalo Wakenya tuna sababu ya kulijua. Tarehe 22 Agosti 2013, huko Helmand nchini Afghanistan, koplo wa kikosi cha miavuli cha Uingereza aitwaye Joshua Leakey alipanda kilima mara kadhaa chini ya risasi ili kuzirudisha vitani bunduki mbili za rashasha na kuwaokoa wenzake. Maelezo ya nishani yake ya Victoria Cross, iliyo ya juu kabisa ya ushujaa nchini Uingereza, yanataja kwamba risasi za adui zilikuwa zikigonga mwili wa bunduki yenyewe wakati alipoihamisha. Yeye ni wa ukoo mmoja na Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, ambaye naye alipewa nishani hiyo baada ya kufa kwake vitani Colito, Ethiopia, mwezi Mei 1941. Mjomba akisema ni mambo ya sinema, mtajie tukio hilo kwa heshima.

Hata hivyo sitaki umjibu mjomba kwa kuvuka mpaka upande wa pili. Wapo watakaokuambia kwamba bunduki ni ngao, na kwamba ndugu yako aliokolewa nayo. Hadithi za namna hiyo ni nyingi kuliko zinavyostahili, kwa sababu aliyeokoka yupo wa kusimulia, na yule ambaye risasi iliichubua bunduki yake kisha ikaendelea hadi kichwani hayupo. Kishikio cha plastiki na bati jembamba hakiizuii risasi ya bunduki ya vita. Ukuta wa mtutu ni mnene na wa chuma kigumu, na huweza kuigeuza risasi njia yake, lakini mahali inapoelekea baada ya hapo hapapangwi na mtu.

Niseme pia kwamba risasi si chanzo kikuu cha bunduki kuharibiwa na adui. Katika hesabu zile zile za Iraq na Afghanistan, karibu asilimia 80 ya majeraha yalitokana na milipuko: mabomu ya kando ya barabara, makombora na maguruneti. Risasi zilikuwa chini ya asilimia 20. Bomu moja hurusha vipande vingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo bunduki iliyokuwa karibu na mlipuko huweza kurudi ikiwa na michubuko mitano au sita. Wakati mwingine mwenyewe huamini kwamba ilipigwa na risasi, na hadanganyi, kwa sababu katika kelele zile hakuna nafasi ya kupambanua.

Basi fundi hupambanuaje? Hapa shutuma ya mjomba inajibika kwa ushahidi. Bunduki iliyoanguka juu ya jiwe hupata mkwaruzo kwenye pembe zake zilizojitokeza: ncha ya kitako, mdomo wa mtutu, vichuma vya kulengea. Rangi hutoka na chuma hung'aa, na plastiki ikipasuka, ufa huanzia ukingoni. Risasi huacha mambo tofauti. Kwenye plastiki huingia kwa tundu dogo lenye kingo nadhifu kiasi, kisha upande wa kutokea hupasuka vibaya na kuacha nyuzi na vigae. Kwenye chuma huchimba kishimo chenye kingo zilizoinuka, na ndani yake au kando yake hubaki mpako wa rangi ya shaba au kijivu cha risasi iliyosuguana na chuma. Kuangusha bunduki hakuachi mpako wa shaba. Kipande cha bomu nacho huacha kovu lisilo na umbo maalumu, mara nyingi likiwa jeusi. Fundi wa kikosi chake aliiona silaha hiyo, na alichoandika ndicho kinachohesabika, wala si maneno ya kwenye baraza la nyumbani.

Sinema zimetudanganya kwa namna nyingine pia. Zinaonyesha bunduki ikipigwa na kuruka mita tatu. Risasi ya AK ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka mdomoni kwa mwendo wa mita 700 na ushee kwa sekunde, lakini baada ya mita 300 mwendo huo umeshuka hadi mita 500 hivi au pungufu. Ikigonga bunduki ya kilo nne na kusimama hapo hapo, itaisukuma kwa mwendo wa mita moja tu kwa sekunde, ambao ni msukumo mdogo kuliko teke ambalo mwanajeshi hulipata begani kila anapofyatua G3. Kinachotokea ni kwamba ikigonga mbele, karibu na mdomo wa mtutu, huizungusha silaha ghafla, na mikono hufa ganzi kwa muda. Wengi husema walidhani bunduki imekwama au wamejigonga ukutani, na hugundua baadaye.

Hatari iko kwingine. Nishati ya risasi, ambayo bado ni mamia ya jouli kwa umbali huo, huishia kuivunja risasi yenyewe na kile ilichokigonga. Vipande vya ganda la risasi, kiini chake na plastiki hutawanyika vikifuata uso wa chuma, kwenda kule risasi ilikokuwa ikielekea na pembeni, moja kwa moja kuelekea vidole vilivyokumbatia kishikio na jicho lililo nyuma ya kifaa cha kulengea. Hiyo ndiyo sababu makamanda husisitiza miwani ya kinga hata joto linapokuwa kali, na ndiyo sababu jeraha la kiganja cha kushoto kwa mtu anayefyatua kwa mkono wa kulia linaingia akilini kabisa.

Uliuliza kama risasi zilizomo ndani zinaweza kulipuka na kumuua. Magazini ikipigwa, risasi moja au mbili huweza kupasuka na baruti yake kuwaka. Baruti hiyo ikiwa haijafungiwa ndani ya mtutu haina nguvu ya kurusha risasi kwa mwendo wa kuua. Ganda linaloshika baruti hupasuka, moto hutoka kwa mfoko, na vipande vyepesi vya ganda huruka. Vinaweza kuchoma na kukata, na vikiingia jichoni ni balaa, lakini magazini hailipuki kama guruneti. Iliyo ya hatari zaidi ni ile risasi moja iliyokwisha kuingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu, maana hiyo imefungiwa na inaelekezwa na mtutu.

Hatari nyingine kubwa huja baadaye, mtu akiendelea kupiga kwa bunduki iliyojeruhiwa. Mtutu ukibonyea hata kidogo kwa ndani, risasi inayofuata hukwama au hupunguza mwendo hapo, shinikizo hupanda nyuma yake, na mtutu huvimba au hupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Katika bunduki nyingi za kisasa kuna pia kijibomba chembamba cha gesi chini ya kishikio cha mbele, kile kinachoirudisha komeo, yaani chuma kinachofunga chemba, nyuma baada ya kila risasi. Kikibonyezwa, bunduki hubaki ikipiga risasi moja moja na mwenyewe huvuta komeo kwa mkono. Kwa hiyo ambaye bunduki yake imepigwa hufundishwa kuitoa magazini, kuhakikisha chemba ni tupu na kuangalia mtutu kama unapitisha mwanga, iwapo hali inaruhusu, na vinginevyo kuchukua silaha nyingine. Kama ndugu yako alibadilisha bunduki baada ya tukio, alifanya lililo sahihi, na asihesabiwe woga.

Ukitaka kujua ni nini hasa huzinyamazisha bunduki vitani, ni vumbi, magazini mbovu, joto na uchafu wa baruti. Mwaka 2006 jeshi la Marekani lilifanyiwa uchunguzi wa wanajeshi 2,608 waliorejea kutoka Iraq na Afghanistan, na asilimia 19 ya waliobeba bunduki aina ya M4 walisema iliwahi kukwama wakati wakipambana na adui. Ndiyo maana mafundi hupiga kelele juu ya brashi na mafuta kuliko juu ya jambo jingine lolote.

Kuhusu kulipishwa, silaha iliyoharibika huandikiwa ripoti, na wakati mwingine huundwa tume ya kuuliza maswali. Kuulizwa maswali si kushtakiwa. Silaha ni mali inayofuatiliwa kwa namba yake tangu inapotoka ghalani, na ingekuwa ajabu zaidi kama wasingeuliza. Iliyoharibiwa na adui vitani hufutwa kama hasara ya vita.

Sasa mkono wake. Afanyiwe eksirei ya kiganja hata kama jeraha limefunga, na ahakikishe kinga yake ya pepopunda haijapitwa na wakati. Mara nyingi madaktari huacha kipande kidogo kikae kilipo, kwa sababu kukitafuta kwa kisu huweza kudhuru neva kuliko chenyewe. Lakini kipande cha madini ya risasi kikiwa ndani ya kiungo cha kidole au cha kifundo hakifai kuachwa, maana majimaji ya kiungo huyayeyusha madini hayo polepole na kuyaingiza katika damu. Ganzi kidoleni, ngumi isiyofunga vizuri, usaha au maumivu yanayozidi ni sababu za kwenda hospitali leo. Tena awaambie wahudumu wa afya daima kwamba ana chuma mwilini: risasi nyingi za AK zina kiini na ganda la chuma cha kawaida kinachovutwa na sumaku, na kipimo cha MRI kinaweza kukisogeza. Kama wakati ule kitu chochote kilimrukia usoni, macho yapimwe pia.

Usingizi nao ni jeraha la kutibiwa. Wiki za kwanza baada ya tukio kama hilo, ndoto mbaya na kushtuka kwa kila mlio ni jambo linalowapata wengi, na kwa wengi hupungua lenyewe. Likivuka mwezi mmoja, au akianza kunywa ili alale, kukwepa watu, au kukasirika kwa namna msiyoijua, anahitaji mtaalamu. Kwa kuwa bado yuko kazini, mlango wa kwanza ni daktari wa kikosi chake, na kasisi wa kambi pia husikiliza. Akiwa nyumbani, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu na ile ya Moi mjini Eldoret zina madaktari wa magonjwa ya akili. Akitamka kwamba afadhali risasi ile ingemmaliza, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali iliyo karibu usiku huo huo, na asiachwe peke yake.

Msimuulize ni mji gani, walikuwa wangapi, au walikuwa wakielekea wapi. Hayo haruhusiwi kuyasema, na kumbana kutamfanya anyamaze zaidi. Muulize mkono unaendeleaje, na umwambie wazi kwamba unamwamini. Mjomba aliyasema yake mbele ya watu, kwa hiyo ingefaa mtu anayeheshimiwa katika familia amkalishe kando, amweleze haya, na amwombe ayarekebishe mbele ya watu wale wale kabla likizo ya kijana haijaisha.